Vipimo ulivyopewa vinatoa pembetatu moja, mbili au hamna kabisa? Jinsi ya kujua kabla hujaanza kukokotoa

Hili swali linaangusha wanafunzi wengi na sio kwa sababu ni gumu. Mtu anapewa pande mbili na pembe moja, anaambiwa tafuta vilivyobaki, anarukia kanuni ya sine (upande gawanya kwa sine ya pembe inayoutazama, jibu ni lilelile kwa pande zote tatu), anabonyeza kalkuleta, jibu linatoka, anafunga daftari. Kumbe pembetatu zilikuwa mbili na yeye kaandika moja. Au pembetatu yenyewe haipo, kalkuleta inaandika error, anadhani betri zimekwisha. Hesabu anaijua kabisa, ila hakuuliza kwanza: hivi vipimo vinajenga pembetatu ngapi? Ukilizoea hilo swali linachukua nusu dakika tu, kwahiyo toa mkebe, weka bikari, rula na kipimapembe mezani tuchore, maana hii kitu ukiichora kwa mkono inakaa kichwani kuliko ukikariri.

Kwanza tukubaliane maandishi. U ni upande, P ni pembe, na herufi zinafuata mpangilio ukiizunguka pembetatu. UPU ni upande, pembe, upande, yani pembe imebanwa katikati ya pande mbili ulizopewa. UUP ni pande mbili alafu pembe ambayo haiko katikati yao. Darasani mnaziona kama SSS, SAS, ASA, AAS, S ni side na A ni angle, ni zilezile. Kona nikiziita A, B na C, basi upande a ni ule unaoitazama kona A, yani BC, upande b unaitazama B na upande c unaitazama C. Hiyo ya nani anamtazama nani ishike vizuri, huko mbele ndo inaamua.

Usihesabu vitu, angalia vimekaa wapi

Pembetatu ina vitu sita, pande tatu na pembe tatu, na wengi wanajua kwamba ukipewa vitatu inatosha. Sio kweli kila mara. Tena sio vitatu tu, hata vitano vinaweza visitoshe! Chukua pembetatu ya pande sentimita 8, 12 na 18, alafu nyingine ya 12, 18 na 27. Gawanya upande kwa upande: 12 kwa 8 ni 1.5, 18 kwa 12 ni 1.5, 27 kwa 18 ni 1.5. Kwahiyo hizi mbili zina umbo lilelile na pembe zote tatu ni sawa. Na zote mbili zina upande wa 12 na upande wa 18. Vitu vitano kati ya sita vimelingana na bado moja ni kubwa kuliko nyenzake mara moja na nusu. Zichore uziweke kando kwa kando, zinaenea kwenye karatasi ya A4. Siri ni kwamba 12 kwenye ya kwanza ni upande wa kati, kwenye ya pili ndo upande mfupi kuliko yote, kwahiyo haitazami pembe ileile.

Ndo maana njia ninayoipenda ni moja kwa kesi zote: chora unachokijua mpaka kona mbili zitulie, alafu jiulize kona ya tatu inaweza kukaa sehemu ngapi. Sehemu moja, pembetatu ni moja. Mbili, ni mbili. Haina pa kukaa, pembetatu hamna. Ila kumbuka kwamba pembetatu iliyogeuzwa kama kwenye kioo, ile ya juu ya mstari na ya chini yake, tunaihesabu ni moja, maana ukiikata kwa mkasi ukaipindua inalala juu ya mwenzake bila kuzidi popote.

Pande tatu (UUU)

Chora upande mrefu kuliko yote, uite AB. Fungua bikari kwa urefu wa pili, sindano kwenye A, piga tao. Fungua kwa urefu wa tatu, sindano kwenye B, piga tao. Yanapokutana ndo C. Yatakutana juu na chini ya mstari, hizo ni za kioo, pembetatu ni moja.

Yasipokutana je? Ukipewa 3, 4 na 8, matao hayafikiani kabisa, 3 na 4 ni 7, hazifiki 8. Ukipewa 3, 4 na 7 yanagusana juu ya mstari wenyewe, hiyo ni pembetatu iliyolala chali, kwa maana nyingine ni mstari tu, hatuihesabu. Kwahiyo kanuni ni hii: jumlisha pande mbili fupi, lazima izidi ule mrefu. Izidi, sio ilingane. Huna haja ya kujaribu jozi zote tatu kama baadhi wanavyofanya, jozi ya fupi mbili ikipita zingine zinapita zenyewe.

Mafundi ujenzi hii wanaitumia kila siku. Fundi akitaka kona ya msingi ikae skwea anapigilia kigingi kwenye kona, anapima mita 3 kwenye kamba moja anaweka alama, mita 4 kwenye kamba ya pili anaweka alama, alafu anapima kutoka alama hadi alama. Ikisoma mita 5 kamili, kona ni nyuzi 90, hajagusa kipimapembe chochote. Inafanya kazi kwa sababu 3, 4 na 5 zinatoa pembetatu moja tu duniani, na hiyo moja ina nyuzi 90. Kama kungekuwa na pembetatu ya pili yenye pande hizohizo na pembe tofauti, nyumba zetu nyingi zingekuwa zimepinda. Kipimo kikisoma zaidi ya 5 kona imefunguka, kikisoma pungufu imejibana. Na usidharau kosa dogo, ikisoma mita 5.10, yani sentimita 10 tu zimezidi, kona iko kwenye nyuzi 92.4 hivi, na ukuta wa mita 12 utakaojengwa kufuata kamba hiyo utaishia nusu mita nje ya mahali pake.

Sababu hiyohiyo ndo inafanya kenchi za paa ziwe na pembetatu tupu. Mbao tatu ukizipigilia misumari kwenye ncha, haziwezi kubadilisha umbo mpaka ubao uvunjike. Mbao nne zinalala upande ukizisukuma, pande nne hazifungi pembe.

Pande mbili na pembe katikati (UPU)

Hii haina maneno mengi. Chora AB, pima pembe kwenye A, kwenye mstari wa pembe pima urefu wa AC, weka nukta. C imekaa sehemu moja. Pembe yoyote kati ya 0 na 180 inakubali na pande za urefu wowote zinakubali, kwahiyo UPU ni pembetatu moja kila siku. Mfano AB ni 6, AC ni 7, pembe A nyuzi 50: upande wa tatu kwa kanuni ya kosine (a² = b² + c² − 2bc mara kosine ya A) unapata 5.57 hivi, basi.

Pembe mbili na upande mmoja (PUP na PPU)

Ukijua pembe mbili umejua ya tatu, toa kwenye 180. Kwahiyo PUP na PPU ni mtu na ndugu yake, sharti ni moja, zile mbili zijumlike chini ya 180. Zikifika 180 ile mistari inakwenda sambamba haikutani, zikizidi inaachana kabisa. Chini ya hapo pembetatu ni moja.

Wapimaji wa ardhi kabla ya setilaiti waliishi kwa kanuni hii. Kupima mnyoofu kutoka kilima hadi kilima kwa mkanda hakuwezekani, kuna mabonde na mito na misitu, lakini kupima pembe kwa thiodolaiti kutoka juu ya kilima kunawezekana. Kwahiyo walipima mstari mmoja wa chini kwa uangalifu mkubwa sana, alafu pembe tu, pembetatu juu ya pembetatu, na urefu wote uliobaki ukapatikana kwa hesabu. Ramani nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zimesimama juu ya mfumo wa Arc 1960, ambao msingi wake ni minyororo ya pembetatu za namna hiyo. Upande mmoja na pembe mbili vingekuwa vinatoa majibu mawili, kazi yote ile ingekuwa kubahatisha.

Mtego uliopo hapa ni mmoja na unaniudhi sana nikiuona kwenye maswali: mtu anaandika "pembetatu ina pembe za nyuzi 40 na 60 na upande wa sm 7", basi, hasemi upande gani. Pembe ya tatu ni 80, sawa, lakini hiyo 7 inatazama pembe ipi? Ikitazama 40, ule upande unaotazama 60 unatoka 9.43. Ikitazama 60 ni 7 yenyewe. Ikitazama 80 unatoka 6.16. Pembetatu tatu tofauti. Swali likija hivyo usikubali kuchagua kimya kimya, eleza kwamba jibu linategemea 7 imekaa wapi na utoe zote tatu.

Pembe tatu peke yake (PPP)

Hazitoshi. 60, 60, 60 inaweza kuwa ya sentimita 2 au ya kilomita 2. Zikijumlika 180 pembetatu ni nyingi zisizo na mwisho, zisipojumlika 180 hamna hata moja.

Sasa UUP, yenye mambo yote

Euclid, aliyeandika Aleksandria miaka kama 300 kabla ya Kristo, katika kitabu chake cha kwanza alithibitisha UPU, UUU, PUP na PPU. UUP haimo humo, na ukichora utaelewa kwa nini.

Fanya hivi. Chora mstari mrefu kwenda kulia kuanzia A, sentimita 20 ukiweza. Pima nyuzi 30 kwenye A, chora mstari unaopanda, na juu yake weka C kwenye sentimita 8. Kwahiyo pembe A ni 30, upande b, yani AC, ni 8. Kilichobaki ni upande a, unaotoka C na lazima ufike kwenye mstari wa chini, pale utakapofika ndo B. Hatujui uelekeo wake, tunajua urefu tu, kwahiyo weka sindano ya bikari kwenye C na piga tao.

Kabla hujapiga, pima C iko juu ya mstari wa chini kwa kiasi gani. Hicho ni kimo, na ni b mara sine ya A, hapa 8 mara 0.5, ni 4. Sasa badilisha a uone.

Fungua bikari sentimita 3. Tao linapita hewani haligusi mstari. Pembetatu hamna. Ukienda kwa kanuni ya sine utapata sine ya B ni 8 mara 0.5 gawanya kwa 3, sawa na 1.33, na sine haijawahi kuzidi 1, ndo maana kalkuleta inakataa. Inasema ukweli, sio mbovu.

Fungua 4. Tao linagusa mstari mara moja tu, kwa chini kabisa, na B ni nyuzi 90. Pembetatu moja.

Fungua 5. Hapa tulia uangalie vizuri, tao linakata mstari mara mbili, mara ya kwanza sentimita 3.93 kutoka A na mara ya pili 9.93, na zote mbili ni pembetatu halali kabisa, zote zina pembe ya 30 kwenye A, zote zina AC ya 8, zote zina CB ya 5. Kwa hesabu: sine ya B ni 0.8, kalkuleta inakupa 53.1, lakini 180 toa 53.1, yani 126.9, nayo ina sine ileile ya 0.8. Kalkuleta inakupa moja tu, ya pili ni jukumu lako. Pembe C inakuwa 96.9 kwenye kubwa na 23.1 kwenye ndogo.

Fungua 8, sawa na b. Tao linakata kwenye A yenyewe, hiyo haihesabiki kwa sababu B haiwezi kukaa juu ya A, na linakata tena mbele kwenye 13.86. Moja.

Fungua 10. Kulia linakata kwenye 16.09. Linakata na kushoto pia ukirefusha mstari nyuma ya A, lakini hapo pembe kwenye A ingekuwa 150 badala ya 30, kwahiyo tupa. Moja. Kwa hesabu: sine ya B ni 0.4, B ni 23.6 au 156.4, jaribu ya pili, 156.4 na 30 imeshapita 180, imekufa.

Umeona mpangilio? Pembe A ikiwa chini ya 90: a fupi kuliko kimo, hamna. a sawa na kimo, moja. a kati ya kimo na b, mbili. a sawa na b au zaidi, moja.

Pembe A ikiwa 90 au zaidi mambo yanakuwa mepesi, kwa sababu upande unaotazama pembe kubwa kuliko zote lazima uwe mrefu kuliko zote. a ikizidi b, moja. Isipozidi, hamna. Mbili haiwezekani hapo. Ile RHS (pembe ya 90, upande unaoitazama na upande mwingine mmoja) mnayofundishwa kama kitu cha pekee ni hii tu, UUP ambayo pembe yake ni 90.

Kwahiyo ukiwa kwenye mtihani swali la kwanza kabisa ni hili: upande unaoitazama pembe niliyopewa ni mrefu kuliko ule mwingine? Kama ndio, pembetatu ni moja, endelea bila wasiwasi, hata kimo usikitafute. Kama ni mfupi au sawa nao ndo unaangalia pembe, ikiwa butu (zaidi ya 90) au 90 andika hamna, ikiwa chini ya 90 tafuta kimo ulinganishe. Na soma swali mpaka mwisho, mara nyingi linasema "pembe B ni butu" au "ABC ina pembe kali zote", yani zote chini ya 90, hayo maneno yamewekwa ili yachague moja kati ya mbili, mtu anayeyaruka anabaki na majibu mawili wakati lilitakiwa moja.

Wanaopenda kwadratiki kuna njia nyingine safi sana. Weka vipimo kwenye kanuni ya kosine na uache c kama isiyojulikana. Kwa a ya 5 inakuja c² − 13.856c + 39 = 0, na majibu yake ni 9.93 na 3.93, zilezile tulizopima kwa rula. Idadi ya majibu chanya ndo idadi ya pembetatu. Likitoka moja chanya na moja hasi, pembetatu ni moja. Chini ya kipeuo ikitoka hasi, hamna. Hii haikuachi ukisahau ya pili kama sine inavyofanya.

Pembetatu ni moja lakini kalkuleta inakupoteza

Kuna kosa lingine linafanana na hili ila sio hili. Umepewa 4, 5 na 8. Fupi mbili ni 9, zimezidi 8, pembetatu ni moja, hakuna ubishi. Mtu anatafuta pembe ndogo kwa kosine, vizuri, alafu pembe kubwa anaitafuta kwa sine, inatoka 54.9, anaandika. Jumla ya pembe haifiki 180 na hajui kwa nini. Pembe ya kweli ni 125.1. Sine haijui tofauti ya pembe kali na butu, kosine inajua, ikiwa hasi pembe ni butu: 16 + 25 − 64 ni −23, gawanya kwa 40, ni −0.575, moja kwa moja 125.1. Kwenye UUU anza na pembe inayotazama upande mrefu, kwa kosine, ukishaipata hiyo zilizobaki lazima ziwe chini ya 90 na sine haitakudanganya tena.

Jaribu hizi, ziba majibu kwanza kwa mkono.

Pande 5, 6 na 12. Hamna, 11 haizidi 12.

A nyuzi 35, B nyuzi 75, c ni 6. Moja, pembe ya tatu ni 70 na upande umekaa katikati ya mbili ulizopewa.

A nyuzi 110, a ni 9, b ni 11. Hamna, pembe ni butu na upande unaoitazama ni mfupi.

A nyuzi 45, b ni 10, a ni 8. Kimo ni 7.07, 8 iko kati ya 7.07 na 10, kwahiyo mbili: B ni 62.1 na C 72.9, au B ni 117.9 na C 17.1.

A nyuzi 60, b ni 10, a ni 5√3. Hapa usibadilishe kuwa 8.66 mapema. Kimo ni 10 mara sine ya 60, ambayo ni 5√3 kamili, kwahiyo tao linagusa tu, pembetatu ni moja, B ni 90 na c ni 5. Ukiandika 8.66 kalkuleta itaona kimo ni 8.6603 na itakuambia hamna.